Somo la afya: Dawa na vifaa vya uzazi, tuvitumie kwa usalama



Katika somo hili tutajifunza juu ya dawa na vifaa vinavyotumika wakati wa mimba, wakati wa kujifungua na katika kupanga uzazi. Wengi wetu tuliingia Zambia tangu mwaka 2017, tukapitia kituo cha Kenani, kisha tukaletwa Mantapala ilipofunguliwa mwaka 2018. Tulikuja na kadi za kliniki za Kongo, na wengine walikuja na vidonge vilivyofungwa kwenye kitambaa. Hapa tunapewa dawa zenye maandishi ya Kiingereza, huku tukizoea dawa zenye maandishi ya Kifaransa. Na wanaokwenda soko la Kashikishi kuuza mihogo au kununua chisense wanaona dawa zikiuzwa kando ya samaki. Kwa hiyo ni rahisi kukosea.

Ukimaliza kusoma, tafadhali msomee na jirani asiyejua kusoma. Mwishoni kuna maswali ya kujipima.

1. JAMBO LILILOTOKEA MTAANI KWETU

Mama mmoja wa mtaa wetu, mwenye watoto wanne, alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Uchungu ulikawia. Jamaa yake walikuwa wamenunua kichupa cha sindano ya kuongeza uchungu kwa mtu anayetembeza dawa kwenye mfuko. Wakamwita huyo mtu akamchoma. Uchungu ulikuja kwa nguvu sana, bila kupumzika. Baada ya muda mama akasikia maumivu kama kitu kimepasuka ndani ya tumbo, kisha uchungu ukakatika ghafla. Watu wakafurahi, wakadhani amepata nafuu. Kumbe mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka.

Alifikishwa hospitali alfajiri. Madaktari waliokoa maisha yake kwa kuondoa mfuko wa uzazi. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Mimi mhudumu wa afya wa mtaa huo nilikuwa nimekiona kile kichupa wiki tatu kabla, nilipokwenda kuhesabu vyandarua. Kilikuwa juu ya sanduku. Nilisoma jina lake nikanyamaza, kwa sababu mwenye nyumba ni mtu mzima kwangu na sikutaka kumwaibisha. Tangu siku hiyo ninauliza katika kila nyumba yenye mama mjamzito: "Mama, kuna dawa gani hapa ndani? Naomba unionyeshe." Ninapouliza sitafuti makosa ya mtu. Naomba mnijibu.

2. KWA NINI DAWA ZA MAMA MJAMZITO ZINAHITAJI UANGALIFU?

Mama anapomeza dawa, dawa huingia katika damu yake. Dawa nyingi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Dawa isiyomdhuru mama inaweza kumdhuru mtoto, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, wakati viungo vyake vinatengenezwa.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani. Ilisemekana ni salama, na akina mama wajawazito waliitumia kwa kichefuchefu na kukosa usingizi. Iliondolewa sokoni huko mwaka 1961. Watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Tangu hapo nchi nyingi ziliweka sheria kali za kupima dawa kabla ya kuuzwa.

Lakini somo hilo halina maana kwamba mama mjamzito asitumie dawa yoyote. Malaria, upungufu wa damu na virusi vya UKIMWI (VVU) visipotibiwa vinaua mama na mtoto. Jambo la lazima ni dawa inayofaa, kwa kipimo chake, kwa wakati wake.

3. DAWA UNAZOPEWA KLINIKI

(a) Vidonge vya kuongeza damu. Hivi vina madini ya chuma na foliki asidi. Meza kimoja kila siku. Choo kinaweza kuwa cheusi. Usiogope, ni rangi ya chuma. Kama unapata kichefuchefu, meza wakati wa kulala au pamoja na chakula. Usimeze pamoja na chai au kahawa, kwa sababu vinazuia chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja au mbili. Embe au chungwa husaidia chuma kuingia. Weka vidonge hivi mbali na watoto. Mtoto mdogo akila vingi, akidhani ni pipi, anaweza kufa.

(b) Fansidar ya kuzuia malaria. Wilaya ya Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru, ina malaria nyingi mwaka mzima. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma hata kama mama hana homa, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo sababu mama hupewa vidonge vitatu vya Fansidar kuanzia mwezi wa nne, kisha tena kila anapokuja kliniki, mradi umepita mwezi mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri apate angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Vimeze mbele ya nesi, usivipeleke nyumbani.

Angalia mambo mawili. Kwanza, mama anayetumia Septrin kila siku kwa sababu ya VVU asipewe Fansidar. Dawa hizo ni za ukoo mmoja na zikichanganywa zinaweza kumdhuru. Septrin yenyewe inamkinga. Pili, foliki asidi ya miligramu 5, ambayo huuzwa madukani, hupunguza nguvu ya Fansidar. Kidonge cha kliniki kina kipimo kidogo, hakina shida.

(c) Dawa ya kutibu malaria. Fansidar ya kinga haitibu mgonjwa. Ukisikia homa, njoo upimwe damu kwanza. Zamani mama mwenye mimba ya miezi mitatu ya kwanza alipewa kwinini. Tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri Coartem hata katika miezi hiyo. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama samaki wa kukaanga au karanga, ili iingie vizuri mwilini. Maliza siku zote tatu hata ukipata nafuu siku ya kwanza. Usimwekee shangazi vidonge viwili.

(d) Dawa za VVU. Mama mwenye VVU asiache dawa zake kwa sababu ya mimba. Dawa hizo zinamkinga mtoto. Lakini dawa ya TLD, ambayo wengi wanaitumia sasa, na vidonge vya damu vina ugomvi: ukivimeza pamoja tumbo likiwa tupu, chuma huzuia TLD kuingia mwilini. Vimeze pamoja na chakula, au meza TLD saa 2 kabla ya kidonge cha damu, au saa 6 baada yake.

(e) Sindano ya pepopunda. Inamkinga mama na mtoto mchanga. Tunza kadi yako. Kama kadi ilipotea njiani, mwambie nesi ukweli ili aanze upya.

4. DAWA ZA KUEPUKA BILA RUHUSA YA KLINIKI

Ibuprofeni na diklofenaki: Wavuvi na wakulima wanazitumia sana kwa maumivu ya mgongo. Kuanzia mwezi wa tano wa mimba zinaweza kudhuru figo za mtoto, na katika miezi ya mwisho zinaweza kudhuru moyo wake. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo salama zaidi. Lakini dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo usimeze zote mbili, utakuwa umezidisha.

Tetrasaiklini na doksisaiklini: Vidonge hivi vya rangi, ambavyo sokoni huuzwa kimoja kimoja, huharibu meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni.

Dawa ya minyoo: Haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Subiri kliniki ikupe.

Miti shamba ya kuharakisha uchungu: Tunawaheshimu bibi zetu, na mengi wametufundisha. Lakini baadhi ya mizizi hukaza mfuko wa uzazi kama sindano inavyofanya, na hakuna anayeweza kupima nguvu iliyomo katika kikombe. Bibi anaweza kusaidia kwa njia nyingine iliyo kubwa: kumsindikiza mama kliniki mapema, kumkanda mgongo, kumpa uji na kumtia moyo.

5. SINDANO YA UCHUNGU: DAWA ILEILE, SAA TOFAUTI

Dawa iliyokuwa katika kichupa kile inaitwa oksitosini. Mwili wa mama wenyewe huitengeneza kidogo kidogo wakati wa uchungu. Kazi yake ni kukaza mfuko wa uzazi.

Kabla mtoto hajatoka: Oksitosini hutumika hospitali tu, mahali penye uwezo wa kufanya upasuaji. Hupitishwa kwenye dripu tone kwa tone, na mkunga husikiliza moyo wa mtoto na kuhesabu uchungu. Uchungu ukizidi, anafunga dripu. Lakini ukichomwa yote kwa mara moja kwenye paja au tako, hakuna awezaye kuitoa. Mfuko unakaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa. Na kama mtoto amelala vibaya au njia ni ndogo, mfuko hupasuka. Hatari ni kubwa zaidi kwa mama aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kupasuliwa.

Baada ya mtoto kutoka: Sasa dawa hiyohiyo ni mwokozi. Mkunga hushika tumbo kuhakikisha hakuna pacha, kisha humchoma mama yuniti 10, ili mfuko ukaze na damu isimwagike. Kila mama anayejifungua anastahili sindano hii. Usiikatae.

Jambo la tatu ni baridi. Oksitosini hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto nguvu yake hupungua, na huwezi kuona kwa macho. Fikiri juu ya kichupa kilichovuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Kilwa au Pweto, kikakaa wiki nyingi mfukoni. Kinaweza kuwa na nguvu ya kutosha kumpasua mama, au kisiwe na nguvu kabisa siku ya kumwokoa. Kuna dawa nyingine, karbetosini inayostahimili joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2018. Hiyo nayo ni ya baada ya kujifungua tu.

Vidonge vya misoprostoli: Mwanzo vilitengenezwa kwa vidonda vya tumbo, lakini navyo hukaza mfuko wa uzazi. Mahali pasipo na oksitosini, mama aliyekwisha kujifungua anaweza kupewa vidonge vitatu vya mikrogramu 200 kuzuia damu. Anaweza kutetemeka na kupata homa kwa muda mfupi. Mfunike na umpe maji. Lakini kabla ya mtoto kutoka visitumiwe nyumbani kamwe, kwa sababu ileile tuliyoeleza.

6. KIFAFA CHA MIMBA

Mama mjamzito akiumwa sana na kichwa, akiona giza au nyota machoni, akivimba uso na mikono, au akisikia maumivu chini ya kifua, huenda shinikizo la damu limepanda. Akianza kutetemeka na kupoteza fahamu, ni kifafa cha mimba. Si pepo wala si uchawi wa mke mwenzake.

Dawa yake ni magnesiamu salfeti. Utafiti uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini ikizidi, inaweza kusimamisha pumzi. Ndiyo sababu utamwona nesi anahesabu pumzi za mama, anapima mkojo na kumgonga goti kwa nyundo ndogo. Hachezi. Goti lisiporuka, dawa imezidi. Ukiwa msindikizaji na ukaona mama anapumua polepole, mwite nesi mara moja.

7. VIFAA VYA KUJIFUNGULIA

Bomba la sindano na sindano yake: Ni vya mtu mmoja, mara moja. Uone pakiti ikifunguliwa mbele yako. Kuchemsha bomba la plastiki hakulifanyi kuwa jipya.

Glovu: Ni za mama mmoja. Zikioshwa na kuanikwa hupata matundu madogo yasiyoonekana.

Wembe na uzi wa kitovu: Kama mtoto amezaliwa njiani au shambani, tumia wembe mpya na uzi safi, kisha njoo kliniki siku hiyohiyo. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta kwenye kitovu. Pepopunda huingia hapo.

Kipimo cha shinikizo la damu: Kabla ya kupimwa, kaa chini upumzike dakika tano. Ukipimwa ukiwa umetoka kubeba maji, namba inaweza kupanda bila sababu.

Plastiki ya kupimia damu: Macho hudanganya, damu nyingi hupotea katika kanga bila kuhesabiwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nijeria na Afrika Kusini ulitumia plastiki yenye mistari ya vipimo inayowekwa chini ya mama. Damu ikifika kiwango cha hatari, matibabu yote yalianza pamoja. Matatizo makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Nusu lita ya damu ni hatari tayari, ni sawa na chupa ndogo ya maji.

Vazi la kubana: Mama anayetoka damu nyingi anaweza kuvishwa vazi gumu kutoka miguuni hadi tumboni. Zambia na Zimbabwe ni kati ya nchi ambazo vazi hili lilijaribiwa. Linarudisha damu kwenye moyo na ubongo wakati wa safari. Jamaa wengine wakimwona mama amebanwa wanamhurumia na kulifungua. Msifungue! Hulegezwa na mhudumu wa afya tu, kuanzia miguuni.

8. KUPANGA UZAZI

Sindano ya Depo ni kila miezi mitatu. Andika tarehe, hasa wewe unayemfuata mume kwenye kambi za uvuvi. Kijiti cha Jadelle kinakaa miaka 5, cha Implanon miaka 3. Kijiti huwekwa na kutolewa na mtu aliyefundishwa. Usikubali kukatwa kwa wembe nyumbani kwa sababu mume hataki. Njoo tuzungumze, hata pamoja naye.

Mwambie nesi kama unatumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, au dawa ya VVU iitwayo efavirenzi. Hizo hupunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge vya uzazi, na mama anaweza kushika mimba akidhani amekingwa. Nesi atakuchagulia njia nyingine.

9. UKINUNUA DAWA

Zambia ina mamlaka ya kusimamia dawa, ZAMRA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Dawa inatakiwa kuuzwa mahali penye kibali. Kabla ya kumeza angalia:

- Je, jina limeandikwa na linasomeka?
- Je, tarehe ya mwisho bado haijapita?
- Je, imefungwa, au imehamishwa kwenye karatasi?
- Je, ilikaa kwenye jua?
- Je, nimemwambia muuzaji kwamba nina mimba au ninanyonyesha?

Kama pakiti ni ya Kifaransa, ichukue uende nayo kliniki. Dawa moja inaweza kuwa na majina mawili, moja la Kongo na moja la hapa, ukameza mara mbili bila kujua.

10. USINGOJE

Njoo kliniki mara moja, au mwite mhudumu wa afya wa mtaa, ukiona: damu kutoka ukeni wakati wa mimba, kichwa kuuma sana au kuona giza, homa kali, mtoto kuacha kucheza, maji kutoka kabla ya uchungu, uchungu kuzidi saa 12, uchungu kukatika ghafla pamoja na udhaifu, damu kulowesha kanga baada ya kujifungua, upele, kuvimba midomo au kupumua kwa shida baada ya dawa yoyote.

Mama anayehitaji upasuaji anapelekwa mbele, kama vile hospitali ya misheni ya St Paul's, Kashikishi. Wakati wa mvua barabara ni mbaya, kwa hiyo akina baba, msingoje asubuhi. Na kama mama alipewa sindano au mizizi nyumbani, semeni ukweli kwa nesi. Asipojua, anaweza kuongeza dawa juu ya dawa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mama anayetumia Septrin kila siku, je, apewe Fansidar?
2. Kwa nini sindano ya uchungu ni hatari kabla ya mtoto kutoka, lakini ni nzuri baada yake?
3. Uchungu umekatika ghafla na mama amelegea. Je, amepata nafuu?
4. Je, mama mwenye VVU anaweza kumeza TLD na kidonge cha damu kwa pamoja?

Majibu: (1) Hapana. (2) Kabla, hukaza mfuko mtoto akiwa ndani na kuweza kuupasua. Baada yake, huukaza mfuko mtupu na kuzuia damu. (3) Hapana, huenda mfuko umepasuka. Mpelekeni hospitali sasa hivi. (4) Ndiyo, akiwa na chakula. Tumbo likiwa tupu, hapana.

Mama wa mtaa wetu yuko hai na anawalea watoto wake wanne. Yeye mwenyewe aliniruhusu niandike habari hii bila jina lake. Alisema: "Waambie wakuonyeshe vichupa." Basi, mhudumu wa afya akipita kwako wiki hii, mwonyeshe. Kama hajapita, beba dawa zote za nyumbani kwenye mfuko uje nazo kliniki siku ya mahudhurio yako. Hutagombezwa.